UZI: Mtoto ana kadi ya kliniki, mjamzito ana kadi. Mzee na mwenye ulemavu wakikumbwa na janga wana karatasi gani?

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tulijadili hili kabla ya masika, maana mvua zikishaanza hakuna atakayekuwa na muda wa kusoma uzi mrefu. Kazi yangu ni dirisha la dawa, na niliwahi kupangiwa kwenda kuhudumia kambi ya waliokimbia mafuriko. Dawa zililetwa, tena kwa wakati. Kilichotushinda ni mzee kukaa mbele yako na kukwambia, "Mwanangu, mimi natumia kile kidonge cheupe cha presha."

Vidonge vyeupe vya duara ni vingi mno. Cha presha, cha sukari, cha kupunguza maji mwilini, cha kifafa, vyote unaweza kuvikuta vyeupe na vya duara. Na mwingine akikupa bahasha ya dawa aliyookoa, juu imeandikwa 1x2 kwa kalamu na basi. Ndani kuna kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi. Jina lilibaki dukani, yeye kaondoka na herufi tatu za mwisho na nusu ya tarehe ya kuisha muda.

Kambi hiyohiyo akina mama wenye watoto wachanga walifika na kadi za kliniki. Nyumba imekwenda na maji, magodoro yamekwenda, lakini kadi namba 1 ya mtoto ipo, imeviringishwa kwenye nailoni. Mjamzito naye kadi namba 4 anayo. Muuguzi anafungua, anaona chanjo zilizobaki, uzito wa mwezi uliopita, wingi wa damu, kazi inaendelea. Hakuna aliyewafundisha akina mama hawa habari za maafa. Wamezoeshwa tangu mimba ya kwanza kwamba kadi haiachwi nyuma.

Mzee wetu kapewa nini? Kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee. Ni kitu kizuri na kimewasaidia wengi, lakini kitambulisho kile kinasema asilipe, hakisemi anaumwa nini wala anameza nini. Hoja yangu ni hiyo moja: nchi hii tayari inajua kutengeneza kumbukumbu ya afya ambayo mtu anatembea nayo, na wananchi tayari wanajua kuitunza. Tumewanyima tu watu wanaoihitaji zaidi siku mambo yanapoharibika.

Mambo yenyewe hayapo mbali. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliingia Katesh na vijiji vya jirani asubuhi watu wakiwa majumbani, likaua zaidi ya watu 80. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama, na kufikia tarehe 25 mwezi ule Waziri Mkuu Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima. Siku chache baadaye Kenya nao walikuwa wanaopoa watu wa mafuriko ya Mai Mahiu. Kwenye matukio haya tunahesabu waliokufa siku ile. Aliyekufa baadaye kambini kwa kiharusi kwa sababu alikaa bila dawa ya presha hahesabiwi na mtu.

Nieleze kwa nini kubahatisha ni hatari, maana kuna watu hudhani presha ni presha tu na sukari ni sukari tu.

Mgonjwa wa kifafa aliyezoea fenobabitoni akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo lisilokatika, na hilo linaua. Halafu fenobabitoni ni dawa yenye udhibiti. Mtoa dawa asiyekujua hatakupa kwa maneno matupu, na hana kosa. Karatasi ndiyo inayomruhusu akusaidie. Glibenklamidi ya sukari ina tatizo la upande wa pili: mzee akiimeza halafu chakula cha kambi kisifike mpaka saa tisa alasiri, sukari inashuka mpaka anazimia, na kwa wazee inaweza kushuka tena hata baada ya kupewa glukosi. Muuguzi akijua kwamba huyu yupo kwenye glibenklamidi atamwangalia kwa siku nzima. Asipojua atamnywesha maji ya sukari, atamwona kazinduka, atamruhusu. Aliyebadilishiwa valvu ya moyo na anatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, akiumia kidogo tu damu haikatiki upesi, na maumivu yake usimtibu kwa diklofenaki. Aliyetumia predinisoloni kwa miezi hatakiwi kuiacha ghafla.

Wenzetu walishapita hapa. Japani wana kijitabu cha dawa ambacho mgonjwa hutembea nacho na mfamasia hubandika humo kila dawa anayotoa. Tetemeko na tsunami vilipopiga tarehe 11 Machi 2011, hospitali na maduka ya dawa ya pwani yalisombwa pamoja na mafaili. Serikali ikaruhusu watu wapewe dawa zao za kila siku bila cheti kipya cha daktari, na waliokuwa na kijitabu mfukoni ndio walioeleweka haraka. Marekani, kimbunga Katrina cha Agosti 2005, karibu nusu ya waliokufa Louisiana walikuwa na miaka 75 au zaidi. Mafaili ya karatasi ya hospitali nyingi za New Orleans yaliloa yasifae tena. Wanajeshi wastaafu walikuwa na nafuu, kwa kuwa hospitali zao zilikuwa na mfumo mmoja wa kielektroniki, na daktari wa jimbo jingine aliweza kufungua faili la mtu aliyekimbia. Kwa hiyo sipingi mifumo. Ninasema mpaka ifike kwetu kwa kiwango hicho, na hata ikifika, mtu awe na karatasi mwilini.

Naweka mfano wa karatasi yenyewe, upande mmoja tu, ili tujadili kitu tunachokiona. Ni wa mama mzee aliyepata kiharusi. Jina na simu weka vyako.

"Mwanamke, kazaliwa 1949. Presha, sukari. Kiharusi 2021, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi.
Amlodipine 10 mg, kimoja asubuhi. Losartan 50 mg, kimoja asubuhi. Metformin 500 mg, kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya kula. Aspirin 75 mg, kimoja usiku.
ASIPEWE SEPTRIN WALA DAWA YOYOTE YA SALFA. Mwaka 2018 ngozi ilibabuka na midomo ikavimba.
Akiwa kwenye dawa presha yake ni kama 140/80.
Anasikia na anaelewa kila kitu. Maneno ndiyo hayatoki. Muulize swali la ndiyo au hapana, atakubana kidole kwa mkono wa kushoto: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.
Maji mepesi yanampalia. Mpe uji mzito, akiwa amekaa wima.
Kumnyanyua: usimvute mkono wa kulia, bega litachomoka. Mshike kiunoni.
Kliniki yake, jina la kituo na namba ya faili. Simu ya binti, simu ya jirani.
Imeandikwa Februari 2025."

Someni tena yale maneno ya kati. Dawa ni muhimu, lakini angalieni kilichoandikwa kuhusu kuzungumza, kula na kunyanyuliwa. Mtu wa namna hii akifika kwenye kambi bila mtu anayemjua, ataandikwa "amechanganyikiwa", atapewa maji kwa kikombe, atapaliwa, yatamwingia mapafuni. Waokoaji watamvuta mkono uleule mbovu kumtoa kwenye boti. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Faili la hospitali mara nyingi halina mambo haya. Anayejua ni binti, mke, mjukuu anayelala naye chumba kimoja, na wao ndio wanaotakiwa kuandika.

Jina la dawa linakiliwe kutoka kwenye boksi, lile la kitabibu lililoandikwa chini ya jina la kampuni, herufi kwa herufi. Jina hilo daktari wa Kigoma analielewa, wa Bujumbura analielewa, wa Goma analielewa. Jina la kampuni likivuka mpaka linaweza lisiwe na maana kwa mtu.

Kundi la damu, ambalo ndilo kila mtu hukimbilia kuandika, mimi ningeliweka mwisho kama nafasi ipo. Hakuna hospitali itakayomwongezea mtu damu kwa kusoma karatasi; watapima.

Karibuni.

JIBU LA 2
Mkuu, uzi mzuri ila mbona unaturudisha kwenye karatasi? Simu janja zina sehemu ya taarifa za dharura, mtu anaifungua hata simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Jaza pale mara moja, imekwisha.

MLETA UZI
Jaza, ndugu yangu, tena leo. Mimi mwenyewe ninayo. Simu za iPhone zina kitambulisho cha afya kwenye programu yake ya afya, na Android nyingi zina "taarifa za dharura" kwenye mipangilio. Na piga picha karatasi yako, itume kwa ndugu wawili wanaoishi mikoa mingine, ili nyumba ikizama nakala ibaki mahali pakavu.

Lakini bibi yangu ana kitochi. Mzee wa Muhoro, kule Rufiji, ana kitochi, na siku ya maji kilikuwa juu ya kabati. Umeme ukikatika siku tatu simu janja inakuwa kipande cha kioo. Kuna wanaosema weka kwenye flashi uvae shingoni. Muuguzi wa zamu, kwenye hema, hana kompyuta ya kuichomeka, na mwenye nayo atakataa kuchomeka flashi ya mtu asiyemjua kwa kuogopa virusi. Karatasi inasomwa kwa tochi.

JIBU LA 5
Niko Budalang'i, Kenya. Hapa mto Nzoia ukivunja kingo tunahama karibu kila msimu mbaya. Sisi tunatumia kitabu cha hospitali, ile exercise book unanunua ukienda kuona daktari. Mama yangu ana vitabu vitatu, kila hospitali kitabu chake, na mwandiko wa madaktari hausomeki. Ukibeba vyote bado daktari mpya hajui dawa ya sasa ni ipi. Naunga mkono hii ya ukurasa mmoja. Swali langu ni nani ataiandika? Mama hajui kusoma.

MLETA UZI
Hapo umegusa penyewe, na asante kwa kuleta ya kwenu. Kitabu kinaeleza historia. Mtu wa dharura anataka hali ya leo. Vitabu vitunzwe, ila ukurasa wa leo uwe peke yake.

Nani aandike? Kenya mna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa na Rais Ruto Septemba 2023, wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu na mkoba wa vifaa. Mhudumu anayemtembelea mama yako anaweza kukaa naye, akamwaga vidonge vyote mezani, akanakili majina, akaacha karatasi pale. Tanzania nasi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hiyo ndiyo kazi ninayotamani iongezwe kwenye orodha yao rasmi, kabla ya msimu wa mvua. Kwa sasa mtoto au mjukuu anayejua kusoma anatosha. Siku ya kliniki mwombe muuguzi au mfamasia aipitie na kuweka sahihi au muhuri. Muhuri huo unasaidia sana kwa dawa zenye udhibiti.

Na dawa ikibadilishwa, karatasi ya zamani ichanwe. Hili nasisitiza kwa moyo wote. Karatasi yenye dozi ya miaka miwili iliyopita itaaminiwa kama ya leo, ndiyo maana tarehe ya kuandika lazima iwepo.

JIBU LA 8
Habari wakuu. Kaka yangu alianguka kutoka kwenye mnazi, uti wa mgongo ukavunjika juu, karibu na mabega. Anatumia kiti cha magurudumu na mpira wa mkojo. Yeye aandike nini zaidi ya hapo?

MLETA UZI
Pole sana kwa kaka. Yake ina mambo mawili ambayo hata watu wa afya wasiozoea huyakosea.

La kwanza, kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingo, mpira wa mkojo ukiziba au ukijikunja, kibofu kikijaa, presha inaweza kupanda ghafla kwa kiwango cha kumletea kiharusi. Anaumwa kichwa sana, uso unakuwa mwekundu au jasho linamtoka, na mtu wa zamu anakimbilia vidonge vya presha. Kinachotakiwa ni kumkalisha wima, kulegeza nguo na kuangalia mpira kwanza. Liandike kwa herufi kubwa juu kabisa: "NIKIUMWA KICHWA GHAFLA NA KUTOKA JASHO, NIKALISHE, ANGALIA MPIRA WA MKOJO." Andika pia saizi ya mpira, ipo kwenye pakiti, kwa mfano 16, na tarehe uliyobadilishwa mwisho.

La pili ni ngozi. Haisikii. Akilazwa kwenye turubai juu ya kokoto usiku mmoja, asubuhi kidonda kimeanza, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kumuua miezi baadaye. Andika: "Sina hisia kuanzia kifuani kwenda chini. Nigeuzwe kila baada ya saa mbili. Godoro langu na kiti changu visitenganishwe nami." Hilo la kiti ni haki, si ombi. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu cha 11 kinaitaka nchi kuwalinda na kuwahakikishia usalama watu wenye ulemavu wakati wa vita na majanga.

JIBU LA 11
Samahani kuuliza hadharani. Mtu anayehudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, naye aandike? Kwenye kambi kila mtu anaona cha mwenzake.

MLETA UZI
Umefanya vizuri kuuliza, na usiombe samahani.

Mwenye mwili ndiye anayeamua. Hata mtoto anayemwandikia mama yake hana ruhusa ya kuweka jambo ambalo mama hakutaka liwekwe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa kwa uzito zaidi. Lakini kambini sheria haikusaidii kama jirani ameshasoma.

Ninachoshauri: karatasi iwe na sehemu mbili. Ya nje ni ile ambayo mwokoaji yeyote anaweza kuiona: namna ya kuzungumza nami, namna ya kuninyanyua, dawa inayonidhuru, simu ya ndugu. Ya ndani, iliyokunjwa na kubandikwa gundi ya plasta, ni majina ya dawa na magonjwa, na juu yake imeandikwa "Ifunguliwe na mhudumu wa afya". Kwa dawa za CTC si lazima utaje ugonjwa. Andika jina la dawa tu. Mhudumu anayepaswa kujua ataelewa. Vivyo hivyo kwa wanaotibiwa magonjwa ya akili. Na watu wenye ualbino wasiweke mahali wanapoishi kwenye sehemu ya nje. Kwa yaliyowapata huko nyuma, tahadhari hiyo ni ya lazima.

JIBU LA 14
Mleta uzi, tupe upande wa vitendo. Iandikwe kwa nini, ikae wapi? Nimeona watu wakilaminisha vyeti.

MLETA UZI
Kulaminisha kunafaa cheti cha kuzaliwa kisichobadilika. Hii inabadilika, kwa hiyo iweke kwenye kifuko cha nailoni cha kufunga kwa kubana, viwili, kimoja ndani ya kingine. Tumia penseli au kalamu ya kawaida ya wino mzito. Baadhi ya kalamu za jeli wino wake unayeyuka ukiloa. Majibu ya vipimo vya moyo yanayotoka kwenye mashine yenye karatasi laini yakitiwa joto au jua yanafutika yenyewe, kwa hiyo yatolewe kopi mapema.

Pa kukaa panategemea mtu. Bibi zetu wanafunga fedha kwenye pindo la kanga au wanatia kibindoni, hapo karatasi itakaa vizuri kuliko pochi yoyote ya kisasa, kwa sababu hapo hapasahauliki. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu aifunge chini ya kiti, na nakala nyingine mwilini, maana waokoaji wengine huacha kiti. Mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu atakitoa kila kifuko na kukitupa. Yake ishonewe ndani ya ukosi au upindo wa nguo anayoipenda, na nakala awe nayo balozi wa nyumba kumi au jirani anayeaminika. Kiziwi avae kadi ndogo shingoni inayoonekana: "Mimi ni kiziwi. Natumia Lugha ya Alama. Niandikie." Kama hajui kusoma, badala ya "niandikie" weka jina na simu ya mkalimani.

JIBU LA 17
Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi, akawekewa mpira kichwani wa kutoa maji. Ana miaka tisa sasa. Kadi ya kliniki ilishaisha, hana nyingine.

MLETA UZI
Mama au baba, pokea heshima zangu. Mtoto wako ndiye mfano kamili wa ninachokilalamikia: kadi ilikoma alipotimiza miaka mitano, mahitaji hayakukoma.

Kwake andika kwamba ana mpira wa kutoa maji kichwani, upande gani, uliwekwa mwaka gani na hospitali ipi. Chini yake weka: "AKIUMWA KICHWA, AKITAPIKA NA KUSINZIA KUPITA KAWAIDA, MPIRA UMEZIBA. APELEKWE HOSPITALI YENYE UPASUAJI WA UBONGO LEO." Kambini kila mtoto anayetapika anatibiwa malaria au tumbo, na wake hawezi kusubiri dozi iishe. Halafu lipo ambalo pengine hukuambiwa: watoto waliozaliwa na mgongo wazi wana hatari kubwa kuliko wengine ya kudhurika na mpira wa asili, ule wa glovu za kawaida na baadhi ya mipira ya mkojo. Huweza kuwavimbisha, hata kuwabana pumzi. Muulize daktari wake kwenye kliniki ijayo, na mpaka atakapokujibu andika "Tumia glovu zisizo za mpira wa asili."

Kama kuna mdau humu anayefanya kazi kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, naomba atuambie huko karatasi za aina hii zinapokelewaje dirishani, na kama yupo mwenye Kifaransa kizuri cha hospitali anisaidie kutafsiri sehemu ya nje kwa ajili ya ndugu wa Uvira na Bukavu. Nitaiweka hapa ikikamilika.